Mwiko wa Madoadoa

Wiki jana mwalimu aliyechukua chumba changu alinipigia simu. "Madam, huu mwiko ulio kwa kabati ni wa nini? Ni wa kuchapa watoto?" Nikamwambia asiutupe, asiusongee ugali, na asubiri nimwandikie. Ndiyo haya. Niko kwangu Kiamunyi, nimestaafu tangu muhula uliopita, na nyanya nilizopanda tayari zimenishinda. Anayetafuta habari za vyeo na mishahara aishie hapa. Cheo nilipewa kimoja, nikakirudisha kabla hakijanizoea.

Nianze kwa kukiri jambo ambalo wenzangu wote walilijua: mimi ni mtu wa kushuku. Ukinisalimia mara mbili kwa siku moja, nitajiuliza unataka nini. Nikinunua maziwa, nayachungulia kwanza nione kama yametiwa maji. Sikuzaliwa hivyo. Mwaka ule wa fujo za kura, kule juu tulikokuwa tukikaa, majirani tuliochangiana nao harusi walikuja jioni na mienge, na mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali. Nilitoka mbio. Nilipofika barabarani ndipo nikaona nimeshika mwiko. Nyumba sikuiona tena, cheti changu cha ualimu sikukiona tena, lakini mwiko ninao. Jameni, si ningebeba hata blanketi!

Sitasema mimi ni wa upande gani. Watu wa huku mnajua kukisia kutoka kwa jina, na ndiyo maana jina langu sijaliandika.

Baada ya hapo nilihamishiwa shule moja Elburgon, nyuma ya kiwanda cha kupasua mbao. Msumeno ukianza kunguruma asubuhi, unafundisha kwa ishara. Maranda yaliingia kila mahali, kwenye chaki, kwenye chai, kwenye nywele. Na ile baridi ya msitu, wacha tu. Siku yangu ya kwanza, saa ya chakula cha mchana, mwalimu mmoja mnene aliyevaa sweta mbili alinisogezea mkebe wake wa viazi na mboga. Aliitwa Mwalimu Tabitha. Nilipolisikia jina lake la pili nikajua ni wa upande ule mwingine, upande wa wale wa mienge. Nikamwambia asante, nimeshiba. Sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu jana yake.

Hakubishana. Alichukua kijiko, akachota upande ule wa mkebe ulionielekea mimi, akatafuna polepole akinitazama, akameza. "Nimeonja," akasema. "Sasa kula. Kama ni kufa, tutakufa pamoja." Nikala. Nilikula nikilia, na sioni haya kuwaambia.

Tabitha ndiye aliyeanzisha vikundi vya saa ya chakula. Siku hizi naona vijana mnapelekwa semina na kupewa jina refu la Kizungu kwa jambo hilohilo. Yeye alichukua watoto sita tu: anayepiga wenzake, anayelia bila sababu, ambaye hajasema neno tangu muhula uanze. Akakaa nao kwenye stoo ya madawati kila Jumanne na Alhamisi, wakala. Kula kwanza, kuongea baadaye, kwa sababu alisema mtoto mwenye chakula mdomoni hawezi kudanganya vizuri. Mimi nikajiunga naye, tukawa na nyuso nilizochora kwenye kadibodi: uso wa hasira, wa woga, wa wivu, wa aibu. Ule wa aibu ulifanana na mwalimu mkuu, tukauacha hivyohivyo. Mtoto akiingia anachagua uso wake wa siku hiyo, anausimamisha mbele ya mkebe wake. Hapo huna haja ya kumuuliza ameamkaje.

Shida ilikuwa kelele. Watoto sita wakisema pamoja, hata msumeno unasikika afadhali. Ndipo nikauleta mwiko wangu. Sheria ikawa moja: anayeshika mwiko ndiye anayesema, wengine wanatafuna. Huna mwiko, nyamaza, hata kama wewe ni ticha. Watoto walikuwa wakiniuliza nimeutoa wapi, nami nawaambia sokoni. Siku moja Tabitha alinisikia nikisema hivyo. Aliniangalia kidogo, akaendelea kumenya yai lake.

Wazazi walitushuku, na sikuwalaumu. Mimi ningeshuku zaidi. Tulikuwa tunafunga mlango kwa sababu ya maranda. Basi ikasemekana mle ndani watoto wanaingizwa kwenye dini ya shetani, wanalishwa vitu, wanaapishwa kwa kijiti. Mama mmoja alikuja akanusa mikebe, akanusa mwiko, nusura aninuse na mimi. Siku hiyo Tabitha akafungua mlango, na haukufungwa tena miaka yote. "Baridi ina dawa," alisema. "Uvumi hauna." Wewe uliyenipigia simu, shika hilo. Mlango uwe wazi, na ukae mahali ambapo mpishi wa shule anaweza kukuona.

Ukutani tulikuwa na kadi moja kubwa, aliyoiandika yeye mwenyewe kwa wino mwekundu: ULIZA KWANZA. Mtoto akija na "ticha, ameniangalia vibaya," tunamwonyesha kadi. Umemuuliza? Hujamuuliza? Nenda ukamuulize. Nusu ya vita vya shule ile viliishia hapo, maana mara nyingi huyo aliyeangalia vibaya alikuwa amepigwa na jua machoni. Tabitha alipostaafu, siku ya mwisho alinishika mkono mbele ya kadi ile akaniambia, "Hii ni yako kuliko yao." Nilidhani ananisifu.

Nikaendelea peke yangu miaka mingi. Watoto wa stoo ile siwezi kuwahesabu, na wengi wao sasa ni watu wazima wanaonipita barabarani wakiniita mathe, kana kwamba niliwazaa. Lakini ninaoandika habari zao ni wawili.

Ulikuwa mwaka wa kura. Mabango yalikuwa kwenye kila nguzo, na magari ya vipaza sauti yalipita mpaka watoto wakajua nyimbo za wagombea kuliko za darasani. Watu walioshiriki duka moja la sukari walianza kila mmoja kwenda duka la watu wake. Kwenye kikundi changu kulikuwa na Sharon, msichana wa miaka tisa, mkono mwepesi, aliyeletwa kwangu kwa kumchapa mwenzake na rula. Huyo alikuwa wa upande ule. Na kulikuwa na Faith, wa rika lake, mwili mdogo, ambaye dawati likigongwa tu anaruka. Faith alikuwa wa upande wangu. Siku moja, mwiko mkononi, alituambia kwamba nyumbani kwao kuna mabegi mawili yamefungwa nyuma ya mlango tangu mabango yabandikwe. Baba yake amesema wakisikia neno moja tu baya, wanaondoka. Mimi nikaupokea mwiko nikampa mwingine. Begi langu nalo lilikuwa limefungwa.

Ilichukua muhula mzima wale wawili kukaa dawati moja. Muhula wa pili wakawa wanakula mkebe mmoja, githeri ya kina Sharon, mahindi na maharagwe, pamoja na chapati ya kina Faith. Halafu nikaona jambo ambalo hakuna kitabu cha mtaala kingelifundisha. Sharon, yule wa rula, kabla ya kuvuta dawati alikuwa anasema, "Faith, navuta sasa," ili mwenzake asishtuke. Nilitoka nje nikajifanya natafuta chaki, nikajipangusa macho. Kama kuna siku niliyopenda kazi hii, ni hiyo.

Lakini sikuacha kuchunguza. Kila Sharon alipomnong'oneza Faith, sikio langu lilisimama.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa nimeenda jikoni kuleta jagi la maji. Nikirudi, sijafika mlangoni, nikasikia sauti ya Sharon.

"Ngoja, Faith. Hizo madoadoa lazima zitoke kwanza. Mama amesema."

"Zote?" Faith akauliza.

"Zote. Hata moja isibaki."

Kwa msomaji ambaye si wa Bonde la Ufa, doa ni doa tu, kitu cha kwenye shati. Kwetu neno hilo liliwahi kupewa kazi nyingine. Wale wa mienge walisema wanaondoa madoadoa, na hayo madoadoa yalikuwa sisi. Sikuwa nimelisikia likitamkwa kwa sauti tangu jioni ile. Sasa nalisikia kwa mtoto wa miaka tisa, tena "mama amesema."

Jagi lilinitoka. Niliingia nikamshika Sharon mkono, nikamwinua kutoka kwenye dawati. Kijiko kilianguka, githeri ikamwagika kwenye maranda. Faith akasimama, ameshika shavu. "Ticha, si ni jino ya..."

"Nyamaza, Faith! Huna mwiko!"

Ndiyo, mimi huyo. Nilimwambia hivyo.

Nikamburuta Sharon mpaka ofisini kwa mwalimu mkuu, mtu mwoga aliyeogopa mwaka wa kura kuliko mimi. Tukamuuliza, mama yako alisema nini? Alisema lini? Nani mwingine alikuwepo? Sharon hakujibu hata neno. Alikuwa anaangalia mikono yangu tu, mkono huu, mkono ule. "Unaona?" nikamwambia mkuu. "Ameshafundishwa hadi kunyamaza." Mkuu akaamua mtoto akae nyumbani mpaka kura zipite, na mama yake aitwe kesho asubuhi.

Nikarudi stoo. Hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko la kwanza, na nililifanya kwa upole, kwa sauti yangu nzuri ya mwalimu. Niliwakusanya wale watano waliobaki, nikawaeleza neno madoadoa lina maana gani. Nikawaambia ni nani waliitwa hivyo, na ni nani waliwaita. Nikainua uso wa woga wa kadibodi waone. Nilitaka wasilitamke tena kamwe. Faith alikuwa analia bado, ameshika shavu lilelile, na mimi nikaona woga.

Saa ya kwenda nyumbani nilisikia kelele langoni. Watoto kama ishirini, wengine hata si wa darasa letu, walikuwa wanamkimbiza Faith wakicheka. "Madoadoa! Madoadoa!" Hawakuwa wabaya. Walikuwa wamepata neno jipya, na watoto neno jipya ni kama mpira, lazima lipigwe. Nilipofika langoni Faith alikuwa ameshapotea kwenye kona ya kiwanda.

Jioni hiyo nikakaa kuandika kwenye kitabu cha matukio cha shule. Maneno ya mtoto huandikwa kama alivyoyasema. Nikaandika: "Hizo madoadoa lazima zitoke kwanza." Kalamu ikasimama. Hizo. Zitoke. Hakusema hao, wala hakusema watoke. Miaka yote nimewakemea watoto wa huku kwa kuvuruga ngeli, nawaambia si hizo maua, ni hayo, na siku ambayo ngeli ilikuwa inaniambia kitu, mimi mwalimu wa Kiswahili nikairuka. Lakini mtu wa kushuku hakosi jibu. Nikajiambia, watoto wa huku huita hata watu "hizo." Nikafunga kitabu.

Asubuhi Mama Sharon alikuja. Nilitegemea matusi. Alikuwa mwanamke mwembamba, viatu vya shambani, na mkebe wa githeri chini ya kanga. Hakukaa kwenye kiti alichoonyeshwa. Aliufungua mkebe juu ya meza ya mkuu, akachokora kwa kidole, akatoa harage moja la rosekoko, lile la vidoti vyekundu.

"Hii ni nini, Mwalimu?"

"Maharagwe."

"Sisi kwetu tunaita madoadoa. Ni ya msimu wa juzi, imekauka, hata uipike siku nzima haiivi. Zile nyeupe zinaiva. Huyo rafiki yake, Faith, jino lake linacheza. Sharon alikuja akaniambia, mama, Faith akiuma githeri yetu analia. Nikamwambia kabla hujamgawia, hizo madoadoa utoe zote kwanza." Akanisogezea lile harage. "Onja."

Nikaliuma. Jino langu la nyuma likalia kwa sauti mpaka mwalimu mkuu akashtuka, na jino hilo halikuwahi kupona.

Mama Sharon hakucheka. "Hilo neno mtoto wangu alilitoa jikoni kwangu, na lilikuwa la chakula. Jana amerudi na lingine. Usiku ameniuliza, maana wenzake walimwambia njiani, kama sisi ndio tulichoma watu. Hilo, Mwalimu, amelitoa kwako."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, wahenga walisema. Lakini hawakusema ung'ongo nao husikia vipi. Nilimwomba msamaha nikiwa nimesimama, na akaniambia nimwombe mwenye githeri.

Kabla ya hilo nilikimbia kwa kina Faith. Mlango ulikuwa na kufuli. Jirani akaniambia wameondoka alfajiri kwa lori la mbao, wameenda Ndabibi kwa nyanya yake. Nikampigia baba yake simu nikamweleza yote, harage, jino, msimu wa juzi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, "wamekutisha, eh? Wamekwambia useme hivyo."

"Hapana, Baba Faith! Nimeyaona kwa macho yangu."

"Wewe ni mtu wetu. Wewe ndiye ulisikia hilo neno. Na ukisikia wewe, ni kama tumesikia sisi sote." Akakata simu. Kura zilipita, mwaka ule hakuna aliyemgusa mtu pale kwetu, Mungu asifiwe. Nilipiga tena mara nyingi. Faith hakurudi.

Sharon alirudi Jumanne, maana mama yake alikataa kata kata habari ya mtoto kukaa nyumbani. Alikaa peke yake kwenye dawati lao. Sikuzitoa zile nyuso za kadibodi. Nilisema mbele ya wote kwamba nimekosa, kwamba Sharon alikuwa anamtunza mwenzake na mimi nikasikia uovu, na kwamba neno lile lilikuwa safi mpaka nilipolishika. Nikamuuliza kwa nini siku ile ofisini hakujitetea.

Akaangalia mikono yangu.

"Sharon, sema tu."

Akanyoosha kidole kwenye kabati. Ndipo nikaelewa. Nikaenda nikautoa mwiko nikampa. Aliushika kwa mikono yote miwili.

"Ulisema bila mwiko mtu hasemi," akasema. Halafu akageuka akaangalia ukutani, kwenye ile kadi ya wino mwekundu, akayarudisha macho kwangu. "Na ulisema uliza kwanza." Akauweka mwiko mezani polepole, bila kuugonga, kana kwamba Faith bado yupo.

Siku hiyo niliwaambia ukweli mwiko ule nimeutoa wapi. Ilikuwa mara ya kwanza.

Kiswahili kina mzaha wake. Mwiko ni wa kusongea ugali, na mwiko pia ni jambo lisilotajwa. Tangu siku hiyo neno madoadoa likawa mwiko stoo kwetu, si kwa amri yangu. Watoto wenyewe walianza kuyaita maharagwe hayo "zile zingine." Wa miaka minane, tisa, wanachunga ulimi mbele ya sahani, na kwanza wanatazama kama ticha yuko karibu. Nilitaka kuwafundisha kutoogopana, nikawafundisha kuniogopa mimi. Miaka iliyobaki niliifanya kazi ile kwa bidii, na wengi walisaidika, sikatai. Lakini sikuwahi kulisikia tena likitamkwa kama neno la chakula.

Siku yangu ya kuagwa shule ilipika githeri. Sharon sasa yuko Gredi ya Tisa, kwenye uwanja huohuo wa shule yetu, mrefu kunipita, na alichaguliwa kugawa chakula. Foleni ikasogea mpaka nikafika mbele yake. Aliangalia meno yangu, maana sasa upande wa nyuma sina kitu, na hilo shule nzima wanalijua. Akaniwekea githeri vijiko viwili. Halafu badala ya kunipa sahani, akaishikilia, akaanza kuchagua kwa ncha ya kijiko na kutoa kitu kimoja kimoja.

"Unatoa nini, Sharon?" nikamuuliza. Nilijua. Nilitaka aniambie. Haki ya Mungu, nilitaka alitaje mara moja tu, kwa sauti, mbele ya watu, nikiwa bado mwalimu wake.

Mkono ukasimama. Akaangalia mlangoni, akaangalia mikono yangu, akaniangalia usoni namna ninavyoangalia maziwa.

"Hizo," akasema.

"Hizo nini?"

"Hizo tu, ticha."

Akaendelea kuzitoa mpaka sahani ikabaki mahindi matupu, akanipa kwa mikono miwili, akamwita aliyekuwa nyuma yangu.